Mwongozo kamili: Dodoma, milima ya Uluguru na Unguja kwa begi moja la mgongoni, ukianzia Kigoma

Kila mwaka Julai inapokaribia mimi hupokea simu kutoka Mwanga, Gungu, Ujiji na hata Kasulu za watu wanaotaka kutembea kwa begi la mgongoni, waione Dodoma, wapande Uluguru, kisha wavuke kwenda Unguja. Na kila mwaka Agosti inapoisha hupata habari za hao hao waliokwama njiani. Mmoja fedha zilimwishia Dodoma, mwingine alifika Dar es Salaam akakuta boti aliyoilipia imeondoka jana yake, na mwingine alipanda mlima kwa kandambili akashushwa mgongoni mwa mtu. Nilipowauliza mmoja mmoja, niligundua kwamba karibu wote walianguka kwenye maungio ya safari, yaani pale mtu anaposhuka kwenye chombo kimoja na kutakiwa kupanda kingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye maungio hayo, na utapita haraka mahali ambapo hata mgeni hapotei.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa chenyewe, pamoja na picha yake kwenye simu. Utaulizwa unapokata tiketi ya treni ya umeme (SGR), unapopanda boti na katika kila gesti utakayolala.
- Begi la mgongoni la lita 40 hivi lenye mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ndio unaohamishia uzito kwenye nyonga; begi lisilokuwa nao huumiza mabega kabla ya saa sita mchana.
- Raba zenye soli ya meno, ambazo umeshazivaa kwa wiki tatu angalau, na kandambili za bafuni.
- Sweta moja zito, koti jepesi la mvua, suruali mbili, fulana tatu, na kitenge au kikoi ambacho kitakuwa shuka, taulo na pazia.
- Mifuko minene ya kuhifadhia nguo zisilowe. Usichukue ile mifuko laini ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa kuwa imepigwa marufuku bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kuikataza.
- Tochi ya kichwani, pawabenki, chupa mbili za maji za lita moja, chumvi ya kuongeza maji mwilini, plasta, dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, na dawa zako binafsi za siku zote.

Hakuna dagaa kwenye orodha hii, wala mawese. Ninajua kwamba mtu wa Kigoma hawezi kuaga bila mama mdogo kutokea na kifurushi cha kumpelekea binamu aliyeko Tabata, Dar es Salaam. Mwaka fulani nilikubali dumu la lita tatu la mawese, nikalifunga kwa nailoni na kulilaza chini ya begi; tulipofika Kaliua mfuniko ulikuwa umeachia, na sweta yangu ilinuka mawese mpaka Forodhani, Unguja. Mweleze mama mdogo kwa heshima kwamba mzigo wake utapelekwa na mtu anayekwenda Dar moja kwa moja.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe

Msimu unaofaa ni kati ya mwisho wa Juni na mwanzoni mwa Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei huifanya njia ya Uluguru kuwa utelezi mtupu, na mafuriko ya kipindi hicho yamewahi mara nyingi kukata reli ya zamani katika kipande cha Gulwe, Kidete na Kilosa.

Kuna vipindi viwili vya kuangalia upande wa Dodoma. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kwa muda huo gesti za mjini hujaa na bei hupanda. Halafu tarehe 8 Agosti ni Nanenane, ambayo huvuta watu wengi kwenye viwanja vya Nzuguni. Ukiondoka Kigoma katikati ya Julai au baada ya Agosti 12 utapata chumba bila kubembeleza.

Sasa panga siku. Ninashauri siku 14, na katika hizo, mbili ziwe siku za akiba ambazo hazina kazi yoyote. Weka moja Dodoma na nyingine Dar es Salaam. Treni ya Kigoma haiondoki kila siku, hupita kwenye reli ya njia moja na hulazimika kusubiriana na treni nyingine stesheni, hivyo kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida ambalo msafiri mwenye akili hulipangia nafasi badala ya kulilalamikia. Usikate kamwe tiketi ya SGR au ya boti ya siku ile ile unayotarajia kushuka kwenye treni ya Kigoma. Yule niliyemtaja mwanzoni, aliyekuta boti imeondoka, angeokolewa na sentensi hiyo moja.

## Hatua ya 2: Gawa fedha kabla hujazigusa

Sitaandika nauli hapa, kwa kuwa hubadilika na nitakupotosha. Uliza bei za wiki hiyo stesheni na kwa simu, kisha gawa fedha zako katika mafungu manne, ukianza na la mwisho: nauli ya kurudi Kigoma, usafiri wa kwenda, malazi na chakula, halafu kibali na mwongozaji wa mlimani.

Fungu la nauli ya kurudi liweke kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa matumizi ya kila siku, na namba yake ya siri usiizoee. Kosa ninaloliona ni mtu kuweka fedha zote kwenye laini moja, akafika Unguja ambako kila kitu cha ufukweni kinauzwa kwa bei ya mtalii, akajikuta anampigia simu kaka yake amtumie nauli. Kaka atatuma, lakini hatasahau.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, bila kuangalia karatasi, kiasi unachoruhusiwa kutumia kwa siku moja.

## Hatua ya 3: Pima begi kwa miguu yako

Begi lililojaa, maji yakiwemo, lisizidi kilo 10. Lipime kwenye mizani ya muuza mchele sokoni, hatakukatalia.

Kisha livae na utembee kutoka mjini Kigoma hadi Ujiji kwa miguu, na kurudi, ukiwa na raba zile zile utakazopandia mlima. Zoezi hili lina sababu mbili. Kwanza, malengelenge ya miguu hujitokeza kwenye saa ya pili ya kutembea, na ni heri yakutokee ukiwa karibu na nyumbani kuliko kwenye msitu wa Uluguru. Pili, ukirudi utakuwa umeshajua ni vitu gani hukuvihitaji. Watu wengi baada ya safari ya Ujiji huondoa suruali ya tatu na chupa kubwa ya mafuta ya kupaka.

## Hatua ya 4: Treni ya Kigoma hadi Dodoma

Kata tiketi mapema, siku kadhaa kabla, hasa ukitaka daraja la kulala. Daraja la tatu linavumilika kwa kijana, lakini safari hadi Dodoma inazidi siku nzima, na anayeshuka akiwa hajalala hupoteza siku ya kwanza ya mjini kwa usingizi. Ukipata daraja la pili la kulala, chukua kitanda cha juu, kwa sababu cha chini hugeuka kiti cha kila mtu mchana kutwa.

Begi lako lifunge kwenye chuma kwa kamba fupi usiku, na simu ilale mfukoni mwa ndani. Dirisha lifungwe mnapokaribia stesheni yoyote usiku, hata kama joto limezidi.

Chakula si tatizo. Mama lishe na wachuuzi huja dirishani stesheni baada ya stesheni, na ukifika Tabora utauziwa asali na karanga. Baada ya Manyoni iko Saranda, ambako kuku wa kuchoma amejijengea jina katika reli nzima. Weka noti ndogo tayari mkononi, kwa maana treni husimama kwa muda mfupi na anayesubiri chenji huenda akaondoka bila chenji na bila kuku.

Onyo ambalo watu wa ziwani hulipuuza ni baridi. Sisi tumezoea usiku wa Kigoma, lakini katika nyanda za juu za Itigi na Manyoni mwezi Julai upepo unaopenya kwenye dirisha bovu utakufanya umtafute mwenye blanketi. Sweta ikae juu kabisa ndani ya begi, isiwe chini.

Dalili ya mafanikio: unashuka Dodoma ukiwa umelala saa tano au zaidi, mizigo yote ipo, na hujagusa fungu la nauli ya kurudi.

## Hatua ya 5: Dodoma, mji mkuu, siku moja na nusu

Stesheni ya zamani utakayoshukia iko katikati ya mji, kwa hiyo unaweza kutembea hadi gesti. Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: oga na ulale, chaji kila kitu, kisha kata tiketi ya SGR ya kwenda Morogoro kwa siku inayofuata.

Mji wenyewe hauhitaji haraka wala maelezo marefu. Ukitaka kuuona upande wa serikali, panda daladala hadi Mtumba, ulikojengwa Mji wa Serikali wenye wizara. Tazama kwa macho na uache kamera mfukoni, kwani majengo ya serikali hayapigwi picha ovyo na walinzi hawana muda wa mjadala. Jioni tafuta zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na anayepita Agosti au Septemba huwahi mavuno ya pili.

### Maungio ya kwanza

Kituo cha SGR cha Dodoma ni kingine kabisa, hakimo ndani ya stesheni uliyoshukia. Mwambie wa bajaji neno "SGR" waziwazi, kwa sababu ukisema "stesheni" tu atakurudisha ulikotoka. Fika saa moja na nusu kabla ya muda wa kuondoka: mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, tiketi hulinganishwa na kitambulisho, na malango hufungwa kabla treni haijaanza kutembea. Anayetoka kwenye reli ya Kigoma hudhani kwamba atakimbia na kudandia behewa la mwisho. Hapa hakuna kudandia.

Treni ya umeme, ambayo safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024, itakufikisha Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi, ikipita kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa. Ndiyo sababu ninakutaka ubadilishe treni Dodoma badala ya kuendelea na ile ya zamani: unaruka kipande kile cha mafuriko na kuokoa sehemu kubwa ya siku.

## Hatua ya 6: Uluguru

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakapokaa.

Watu wa Kigoma hudhani kwamba kwa kuwa wamekulia kwenye vilima, Uluguru ni mazoea. Hesabu inasema vingine. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mji wa Morogoro uko chini zaidi ya hapo, kama mita 500. Kilele cha Lupanga kinachouangalia mji huo kina mita 2,138, na Kimhandu, kilicho kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, kina mita 2,630. Maana yake ni kwamba anayekwenda Lupanga kwa siku moja hupanda mita 1,600 wima, na joto hushuka kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Unaanza ukitokwa jasho, unamaliza ukitetemeka.

Kibali na mwongozaji. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Nenda ofisini kwao Morogoro siku moja kabla, ulipie, na uombe mwongozaji anayetambulika. Usimchukue kijana wa kwanza anayekufuata stendi. Njia za mashambani huchepuka mara nyingi, na ukungu ukishuka hata mwenyeji husimama kutafakari.

Siku ya kwanza: Morningside. Usianze na Lupanga. Panda kwanza hadi Morningside, jengo la zamani lililoachwa na Wajerumani, ambalo hufikiwa kwa saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa wastani. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utapishana na kina mama wa Kiluguru wakiteremka na matenga ya karoti, njegere na stroberi kichwani, kwa hatua fupi za haraka, goti likiwa limekunjwa kidogo na kisigino kikitangulia kutua. Watazame vizuri, kisha waige wakati wa kushuka, kwa sababu anayeteremka na miguu iliyonyooka kama fito huamka kesho yake hawezi kushuka hata kwenye kitanda. Waamkie, na uwapishe upande wa mlima. Wao ndio wenye mzigo.

Siku ya pili: pumzika au panda. Ikiwa asubuhi magoti hayaumi, nenda Lupanga. Njia ni ya mizizi na udongo unaoteleza, na sehemu nyingine utatumia mikono. Beba lita mbili za maji, chapati au viazi vilivyochemshwa, sweta na koti la mvua, na vingine vyote uviache gesti.

Weka saa ya kugeuka, na uiweke kabla ya kuondoka. Yangu ni saa saba mchana: popote nilipo muda huo ninageuka, hata kama kilele kinaonekana, kwa kuwa mawingu hukusanyika mchana na giza la msituni huingia mapema kuliko la mjini. Nimewahi kugeuka kilele kikiwa karibu kiasi cha kusikia sauti za waliofika. Inauma, lakini niliteremka nikiona ninapokanyaga.

Onyo: usinywe maji ya kijito bila kuyachemsha au kuyatibu, hata kama yanang'aa. Juu yako kuna mashamba na nyumba za watu.

Dalili ya mafanikio: umerudi mjini jua lingalipo, chupa zote mbili ni tupu, na mkojo wako si wa njano iliyokolea.

## Hatua ya 7: Morogoro, Dar es Salaam, bandarini

Panda SGR hadi Dar es Salaam. Kituo chake kiko katikati ya jiji, karibu na stesheni ya zamani, na kutoka hapo hadi kwenye boti za Zanzibar ni mwendo wa kutembea. Lala Dar usiku mmoja. Hiyo ndiyo siku ya akiba ya pili.

### Maungio ya pili

Kuna tahadhari ya neno. Ukimwambia wa bodaboda akupeleke "feri", atakufikisha Magogoni, kwenye pantoni la Kigamboni na soko la samaki. Sema "boti za Zanzibar", au taja Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kwani geti la boti linatazamana nalo. Tiketi kata ndani ya ofisi yenyewe. Nje watakuzunguka wapiga debe wenye vitambulisho shingoni watakaokuambia kwamba ofisi imefungwa au nafasi zimekwisha. Endelea kutembea mpaka ulione dirisha la tiketi kwa macho yako.

Boti ya kasi huvuka kwa saa mbili hivi. Chukua ya asubuhi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huichafua bahari, na hapa nina neno kwa ndugu zangu wavuvi wa Kibirizi: mawimbi ya ziwa ni mafupi, ya bahari ni marefu na huinua boti polepole, na tumbo lililozoea la kwanza halina mkataba na la pili. Kula kidogo, kaa sehemu ya chini kuelekea nyuma, tazama upeo wa macho, na simu iache mfukoni.

## Hatua ya 8: Unguja

Ukishuka utapokelewa na mapapasi, ambao watakutafutia hoteli hata kama una yako. Jibu la "ahsante, nina mwenyeji wangu" linatosha. Lala usiku wa kwanza Mji Mkongwe, ule urojo, jioni ushuke Forodhani. Magengeni bei iulize kabla ya kuagiza, siyo baada ya kula. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti ukiwa mjini na vijijini, na kama ni mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Siku inayofuata panda daladala kwenda ufukweni. Namba 116 huenda Nungwi kaskazini, na 309 huenda Jambiani kusini mashariki. Uliza siku hiyo zinapakia wapi.

Sasa sikiliza kuhusu maji. Sisi tumekulia kwenye ziwa ambalo ukiacha ndoo ukingoni asubuhi, unaikuta pale pale jioni. Nilipofika Jambiani mara ya kwanza, saa nne asubuhi, bahari ilikuwa imekupwa ikaenda mbali mpaka kwenye mwamba, na kina mama walikuwa katikati ya mchanga mtupu wakifunga mwani kwenye kamba. Nikaacha raba, fulana na begi dogo juu ya mchanga mkavu nikatembea kuwafuata. Niliporudi, begi lilikuwa linaelea na raba moja haikuonekana tena. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ngalawa aliniuliza kwa upole kama kwetu maji hayajai.

Kwa hiyo fanya hivi: muulize mwenyeji asubuhi saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hutoka mbali zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi. Ukitembea kuelekea mwambani, geuka maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, na uvae viatu, maana chini kuna viumbe vyenye miiba mieusi inayokatikia ndani ya nyama.

Dalili ya mafanikio: una raba mbili.

## Hatua ya 9: Kurudi

Rudi Dar siku mbili kabla ya treni ya Kigoma kupita Dodoma, ukitumia SGR hadi Dodoma na kupandia hapo. Tiketi ya kutoka Dodoma kwenda Kigoma iulizie ukiwa bado Unguja, kwa kuwa abiria wengi hupandia Dar na nafasi za kulala huwa zimeshachukuliwa. Zisipopatikana, basi la Dodoma kwenda Kigoma kupitia Tabora lipo. Lina uchovu wake lakini linafika.

Nafasi iliyobaki kwenye begi ijaze karafuu na zabibu kavu, ambazo hazivuji. Mama mdogo atakuwa anasubiri.